Bosi anaposikiliza, anasikiliza ili iweje? Kutoka Hawthorne mpaka Mwongozo wa 1971

Leo siongelei mitihani wala foleni ya kafteria. Muhula huu tunasoma saikolojia ya mahali pa kazi, yaani namna mashirika na makampuni yanavyowaongoza watu wao, yanavyowapa motisha, yanavyowasikiliza au kujifanya yanawasikiliza. Somo ni zuri, sina ugomvi nalo. Ila madesa yetu yote yanaanzia Marekani na kuishia Marekani, kana kwamba huku kwetu watu walikuwa hawafanyi kazi, au walifanya kazi bila kuwa na moyo kifuani. Nikaamua kuingia maktaba, upande wa East Africana, nikaanza kuchimba. Nilichokuta kule kinamhusu kila anayetegemea kuwa bosi siku moja, na kila anayetegemea kuwa na bosi. Yaani sote. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo chukua chai yako, tulia.

Tuanze huko huko Marekani, maana ndiko mwalimu anakoanzia. Jamaa wa kwanza anaitwa Frederick Winslow Taylor, injinia. Mwaka 1911 alitoa kitabu chake kuhusu uongozi wa kazi kwa njia ya kisayansi. Kisa chake maarufu kinatoka kiwanda cha chuma cha Bethlehem, kule Pennsylvania, ambako vibarua walikuwa wanabeba vipande vya chuma na kuvipakia kwenye mabehewa. Taylor anasema kila mtu alikuwa anapakia kama tani 12.5 kwa siku. Yeye akamchukua kibarua mmoja, akampa jina la Schmidt, akamwekea mtu wa kumwambia sasa beba, sasa tembea, sasa pumzika. Ikawa tani 47.5 kwa siku. Mshahara ukapanda kutoka dola 1.15 mpaka dola 1.85.

Hebu piga hesabu kidogo. Kazi imeongezeka karibu mara nne. Mshiko umeongezeka kwa asilimia kama 60 tu. Na Taylor hakuona haya kuandika kwamba mtu anayefaa kazi ile ni mzito wa akili kiasi cha kufanana na maksai. Baadaye wanahistoria walikikagua kisa hiki wakaona kimetiwa chumvi. Lakini hata tukikichukua kama alivyokisimulia mwenyewe, picha iko wazi: fikra zote ziko kichwani kwa injinia, mfanyakazi ni mikono na mgongo. Mwaka huo huo wa 1911, mafundi wa karakana ya silaha ya serikali pale Watertown, Massachusetts, waligoma walipoona mtu mwenye saa mkononi anawapimia dakika, na bunge la Marekani likaunda kamati kuchunguza mfumo wenyewe.

Sasa wakati huo huku kwetu hali ikoje? Mkonge ulishaingia tangu 1893, umeletwa na Wajerumani, na mashamba yanapanuka Tanga na kwingineko. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya kwanza waliendelea pale pale. Hapakuwa na mtaalamu wa saikolojia, alikuwepo mnyapara. Kibarua alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku iliyotiwa alama ndiyo iliyolipwa. Wale waliochukuliwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali, wakasafirishwa mpaka mashambani, walitambuliwa kwa namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Leo neno hilo tunalitumia kwa utani tu, lakini tulifikirie vizuri. Mtu ameondoka kwao ana jina la babu yake, ana ukoo, pengine ana mke na watoto wanaomwita baba, na shambani anakuwa namba. Hiyo nayo ni saikolojia ya kazini, tena kali kuliko ya Taylor. Inamfundisha mtu kila asubuhi kwamba hapa wewe si fulani.

Na watu hawakukubali kimya kimya. Mwaka 1947 mgomo ulioanzia bandarini Dar es Salaam ulipanda na reli mpaka bara. Mombasa nayo iligoma Januari ya mwaka huo huo, karibu mji mzima, kwa siku 12. Mshahara na gharama za maisha vilikuwa mbele kwenye madai, sikatai. Nitakachowaonyesha ni kwamba mshahara haukuwa dai pekee, wala haujawahi kuwa.

Turudi Marekani kidogo, maana sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Karibu na Chicago palikuwa na kiwanda kikubwa kinaitwa Hawthorne, mali ya kampuni ya Western Electric, kikitengeneza vifaa vya simu. Ni mji ndani ya mji, wafanyakazi wake walihesabika kwa makumi ya maelfu. Kuanzia 1924 walifanya majaribio ya taa: tukiongeza mwanga, je, kazi itaongezeka? Wanasimulia kwamba uzalishaji ulipanda walipoongeza mwanga, ukapanda hata kwa kundi ambalo halikuongezewa kitu, na kuna wafanyakazi wawili walioendelea vizuri hata mwanga ulipopunguzwa mpaka ukawa kama wa mbalamwezi. Wakubwa wakakuna vichwa.

Mwaka 1927 wakawatenga wasichana wachache katika chumba chao, wanaunganisha vifaa vidogo vya simu viitwavyo relei. Wakawabadilishia mambo moja moja. Mapumziko mafupi mara mbili kwa siku, kisha marefu zaidi, kisha chai na kitafunwa, kisha kutoka kazini mapema. Mara nyingi uzalishaji ukawa unasogea juu. Halafu wakawanyang'anya vyote, wakawarudisha kwenye saa zile zile za mwanzo bila mapumziko. Bado jumla ya kazi ya wiki ikawa juu. Profesa wa Harvard, Elton Mayo, Mwaustralia, akaja kulitafsiri jambo hili, na tafsiri yake ndiyo tunayoikariri mpaka leo: mfanyakazi si mashine, ana hisia, akijua anaangaliwa na kujaliwa, anajituma. Kwenye madesa yetu hapo ndipo ubinadamu unapoingia kiwandani.

Safi. Lakini kuna vitu desa halisemi. La kwanza, wasichana wawili kati ya wale waliondolewa kwenye chumba mwanzoni mwa 1928, kosa lao likiwa kuongea mno na kutoonyesha ushirikiano, wakaletwa wengine wachapakazi zaidi. La pili, malipo yao yalibadilishwa, yakawa yanafuata kazi ya kikundi chao kidogo badala ya kundi kubwa la idara, kwa hiyo jasho lao walikuwa wanaliona kwenye bahasha. Mwaka 1967 Alex Carey alizirudia taarifa zile akasema mbona pesa na usimamizi mkali vinatosha kueleza sehemu kubwa ya matokeo, hizo habari za kujaliwa zinatoka wapi? Mwaka 2011 wachumi Steven Levitt na John List walizichambua takwimu za yale majaribio ya taa, nao wakaona ile hadithi kwamba kila badiliko lilipandisha kazi haisimami.

La tatu ndilo lililonigusa zaidi. Kati ya 1928 na 1930 kampuni iliwahoji wafanyakazi wake kama 21,000. Mwanzoni kwa maswali ya karatasi, baadaye wakaona afadhali mtu aachwe aongee anachotaka. Watu wakaongea! Wakamwaga ya moyoni kuhusu mabosi, baridi, vyoo, madeni, ndoa. Kuna kisa kinachosimuliwa cha mama mmoja aliyelalamikia chakula cha kiwandani, na siku chache baadaye akamshukuru aliyemhoji kwa kuwa chakula sasa ni kizuri. Chakula kilikuwa kile kile. Hakuna aliyegusa sufuria.

Kampuni ikajifunza. Kuanzia 1936 ikaajiri washauri maalumu wa kuzunguka kiwandani kusikiliza watu, kazi iliyoendelea mpaka 1956. Washauri hao hawakuwa na mamlaka ya kubadilisha chochote. Hawakutakiwa kumpelekea bosi shauri la mtu wala kumtetea. Kazi yao ilikuwa kusikiliza, mtu apumue, arudi kwenye benchi lake.

Sasa hapo ndugu zangu nikasimama nikajiuliza. Kumsikiliza mtu ili shida yake iishe, na kumsikiliza ili kelele ziishe, ni kitu kimoja? Hiki ni chombo cha ajabu. Taylor alitaka mgongo wa mfanyakazi. Mayo na wenzake walitaka na moyo wake pia. Na chini ya yote, swali la bosi halikubadilika: nifanyeje huyu azalishe zaidi bila kuniletea matatizo?

Na wafanyakazi hawakuwa wajinga. Kwenye kiwanda hicho hicho, 1931 na 1932, waliwaweka wanaume 14 katika chumba kingine wakawaangalia. Hawa walikuwa wamekubaliana kimya kimya kiasi cha kazi cha siku, hakuna kupita. Anayepita sana anadhihakiwa au anapigwa ngumi ya begani. Anayevivia naye anasemwa. Sisi tuna jina la jambo hilo tayari, ni mgomo baridi. Watafiti waliona kama tabia isiyo na mantiki. Mimi naona mantiki tupu: mdororo mkubwa wa uchumi umeshaanza, watu wanapunguzwa kazi, ukimaliza kazi ya wiki kwa siku tatu, nani atakuhitaji siku ya nne?

Haya, tuvuke bahari sasa, maana huku kwetu swali lile lile la hisia za mfanyakazi lilikuja kuulizwa kwa namna nyingine kabisa. Hakuliuliza profesa. Waliuliza wafanyakazi wenyewe, kwa sauti.

Kwanza mazingira. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, shirikisho lao la TFL likafutwa, na mahali pake kikawekwa chama kimoja tu, NUTA. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na Michael Kamaliza aliyeshika kiti hicho alikuwa wakati huo huo Waziri wa Kazi. Unamshitaki mwajiri kwa mtu ambaye ni sehemu ya serikali, na serikali nayo inaanza kuwa mwajiri mkubwa kuliko wote. Kisha Azimio la Arusha, Februari 1967. Mabenki yanataifishwa, viwanda kadhaa vikubwa serikali inachukua hisa nyingi, mashirika ya umma yanazaliwa kama uyoga. Kwenye mabango mfanyakazi ameandikwa kuwa mwenye nchi. Kiwandani lakini kuna meneja, kuna geti, kuna kupekuliwa wakati wa kutoka, na kuna bosi Mwafrika mpya aliyerithi kiti cha Mzungu pamoja na sauti yake.

Mwaka 1970 Rais alitoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Lengo zuri kabisa, mfanyakazi ashiriki. Ila kazi ya baraza ilikuwa kushauri, na maamuzi yakabaki kwa meneja na bodi. Umeona kufanana? Unaitwa, unakaa, unaongea, maneno yako yanaandikwa, unarudi kwenye mashine. Tofauti na Hawthorne ni kwamba huku kulikuwa na soda.

Halafu Februari 1971 kikatoka kitu. Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka Uganda mwezi mmoja tu nyuma, Guinea ilikuwa imevamiwa mwishoni mwa 1970, na TANU ikakaa ikatoa Mwongozo. Sehemu kubwa inahusu ulinzi wa nchi na mapinduzi ya Afrika. Lakini ndani yake kuna kifungu cha 15. Kwa maneno yangu mwenyewe kinasema hivi: kiongozi wa Tanzania ni mwiko kuwa na majivuno, ufujaji, dharau na uonevu, na lazima pawe na juhudi za makusudi za kujenga usawa kati ya anayeongoza na anayeongozwa.

Nadhani walioandika hawakujua wanampa nani silaha. Wafanyakazi wakakisoma kifungu kile wakakielewa kuliko walivyotarajiwa. Wakakikariri. Ikawa meneja akimtukana mtu mbele ya wenzake, anajibiwa kwa kifungu. Na kuanzia 1971 migomo ikaanza, ambayo NUTA haikuiitisha wala kuitaka. Kati ya Februari 1971 na Septemba 1973 inahesabiwa zaidi ya 30, ikihusisha wafanyakazi zaidi ya 20,000.

Sasa jambo la kusisimua ni sababu. Issa Shivji na Paschal Mihyo, wote walikuwa walimu wa sheria hapa hapa Mlimani, waliichunguza migomo hii na kuiandikia. Kitabu cha Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania kilitoka 1976. Ukisoma wanachoonyesha utashangaa: sehemu kubwa ya migomo haikuwa ya kudai nyongeza ya mshahara. Watu waliweka zana chini kwa sababu ya matusi. Kwa sababu ya meneja anayewaongelesha kama watoto. Kwa upendeleo, kwa ubadhirifu wa mali ya shirika, kwa kufukuzana ovyo. Watu wa kipato cha chini, ambao kila senti ilikuwa na kazi yake nyumbani, walikuwa tayari kuhatarisha kibarua kwa ajili ya heshima.

Hapo nikakumbuka desa la motisha. Kuna ile ngazi ya mahitaji ya binadamu ya Abraham Maslow, aliyoiandikia 1943, ambayo kila mwanafunzi huichora pembe tatu kwenye mtihani. Chini kabisa chakula na maji, kisha usalama, kisha kupendana, heshima iko juu kule, na juu yake kujitimizia vipaji vyako. Tunavyofundishana vimbwetani ni kwamba mtu mwenye njaa hana muda wa heshima, kwanza ashibe. Wale wafanyakazi wa 1971 hawakuisoma pembe tatu. Walikuwa hawajashiba na bado waliidai heshima kwanza. Na mswahili wa kawaida atakuambia chakula cha masimango hakishuki kooni. Pesa ya masimango je?

Na msidhani hapa kampasi walikuwa wanaangalia tu. Julai 1971 rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, aliandika barua ya wazi kumkosoa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, kwa namna chuo kilivyokuwa kinaendeshwa. Msingi wa hoja za wanafunzi ulikuwa Mwongozo huo huo: kama kiongozi haruhusiwi kuwa na dharau, basi na hapa Mlimani hairuhusiwi. Akivaga alisimamishwa masomo, askari wenye silaha wakaja kumchukua kampasini, akarudishwa kwao Kenya. Wanafunzi wakasusia masomo. Nikipita maeneo yale siku hizi, watu wanakimbilia lekcha na simu masikioni, nafikiria kwamba njia hizi zilishawahi kuulizwa swali zito.

Migomo yenyewe ilibadilika kadiri muda ulivyokwenda. Mwanzoni watu waliweka tu zana chini, wakakaa, wakasubiri wakubwa waje. Baadaye wakaanza kuwafungia nje mameneja: wewe hatukutaki, geti hili hupiti, sisi tunaendelea na kazi. Angalia hapo. Hawakuacha kazi, walimkataa mtu. Kisha 1973 wakafika mbali zaidi. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, hapa Dar es Salaam, kilichokuwa cha mtu binafsi, wafanyakazi walimfungia nje mwenye mali wakakishika kiwanda na kuendelea kuzalisha wenyewe. Wengine wakaona inawezekana, wakajaribu kwao.

Na hapo ndipo masikio yalipofungwa. Alimradi mfanyakazi alikuwa anamlalamikia meneja mwenye kiburi, alikuwa anautekeleza Mwongozo. Alipofika kusema tunaweza kukiendesha kiwanda bila wewe, akawa mtovu wa nidhamu na mhujumu wa uzalishaji. Kwingine polisi waliitwa, watu wakafukuzwa. Magazetini na mikutanoni wimbo ukageuka kuwa nidhamu, tija, kuchapa kazi. Wimbi likazimika. NUTA yenyewe ilibaki, ikaja kuitwa JUWATA mwaka 1978, bado chini ya chama.

Upande wa pili nao nitautaja, msije mkaniambia nimechukua ushabiki. Nchi ilikuwa changa na maskini. Kiwanda kikisimama siku tatu, kuna duka mahali halina sabuni au kanga. Mameneja wengi walikuwa vijana waliorushwa juu haraka baada ya Wazungu kuondoka, hakuna aliyewafundisha kuongoza watu, na wengine walifukuzwa kwa fitina tu. Kuna mgomo wa haki na kuna wa majungu, hilo halibishaniwi. Lakini hata ukiyaweka yote hayo mezani, swali la wafanyakazi linabaki pale pale halijajibiwa: ninyi mliotuambia tuna haki ya kutodharauliwa, mnatuambia sasa haki hiyo ina mwisho wake wapi?

Hii ndiyo hoja yangu, nami naisimamia. Hawthorne na Mwongozo vilifanana kwa kitu kimoja. Kote kuwili, mtu wa juu aligundua kwamba mtu wa chini ana moyo, na kote kuwili aliufungulia mlango moyo huo kwa masharti yake. Tofauti ni kwamba Hawthorne heshima ilikuwa dawa: inatolewa na mtaalamu, kwa kipimo, ili mgonjwa atulie. Mwongozo uliiandika heshima kama haki. Dawa haidaiwi, unapewa ukipewa. Haki inadaiwa, na anayeidai anaweza kusoma kifungu kwa namba yake. Ndiyo maana mama wa Hawthorne alimshukuru mhojaji kwa chakula ambacho hakikubadilika, na wafanyakazi wa Dar wakamfungia meneja nje.

Kwa nini nawachosha na habari hizi za zamani? Kwa sababu nusu ya darasa letu wanasomea kuwa maafisa wa watu. Zamani cheo kiliitwa afisa utumishi. Leo wanaitwa maafisa rasilimali watu. Sina ugomvi na cheo, maana hata mimi natafuta ajira, lakini tujisikilize tunavyosema. Rasilimali ni kitu kama maji, madini, misitu. Rasilimali hutumiwa, husimamiwa, hupunguzwa. Kutoka manamba mpaka rasilimali ni safari ndefu, ila sijui kama tumehama kijiji.

Sheria zimebadilika, na tuseme ukweli, kwa mambo mengi zimekuwa bora. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua haki ya kugoma kwa utaratibu wake, inakataza ubaguzi na kuachishwa kazi isivyo halali, na mwenye mgogoro anaweza kwenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mfanyakazi wa 1971 hakuwa na mlango huo. Lakini sheria inashika yale yanayoshikika: barua, tarehe, mshahara uliokatwa. Dharau haiandikiwi barua. Dharau ni namna mtu anavyoachwa amesimama mlangoni dakika 20 wakati bosi anachezea simu. Hakuna fomu yake.

Katika ofisi moja nilikofanya mafunzo kwa vitendo, palikuwa na sanduku la maoni ukutani, zuri, limepakwa rangi, limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba maoni yako ni muhimu kwetu. Nikauliza nani ana ufunguo. Mhudumu akaniambia aliyekuwa nao alishahama. Watu waliendelea kutumbukiza karatasi. Sanduku lilikuwa linajaa. Nadhani washauri wa Hawthorne wangelielewa sanduku lile mara moja.

Kwa hiyo wenzangu mnaokwenda huko maofisini kesho kutwa, mkifundishwa namna ya kumsikiliza mfanyakazi, jifunzeni, ni kitu kizuri na wengi hata hicho hawakipati. Ila kabla ya kuvuta kiti na kusema haya mama niambie, jiulize maswali mawili. La kwanza: akisema ukweli, nina uwezo wa kubadilisha kitu? La pili, gumu zaidi: akisema ukweli na ukweli wenyewe unanihusu mimi, nitabaki nimekaa? Kama majibu yote ni hapana, basi usimwite. Mwache afanye kazi yake, mlipe vizuri, usimtukane. Hiyo nayo ni heshima, tena ya kweli kuliko masikio ya bandia.

Na wale watakaokuwa upande wa pili wa meza, ambao ndio wengi wetu, jueni kwamba kuna watu katika mji huu waliwahi kuhesabu heshima kuwa sehemu ya ujira. Wengine walipoteza kazi kwa hilo. Hawana sanamu wala barabara yenye jina lao. Wazee wale, walio hai bado, pengine unakaa nao kiti kimoja kwenye daladala la Ubungo. Ukimkuta mmoja aliyefanya kazi kiwandani miaka ile, muulize kuhusu kifungu cha 15 halafu umwache aongee. Usimkatize.

Nawasilisha. Mwenye la kuongeza aongeze, mwenye la kupinga apinge kwa hoja. Wacha nikimbie, kuna kazi ya kikundi inanisubiri na wenzangu wameshaanza kunipigia.